Kiti cha Kushoto

Sina aibu kusema nilikuwa jaji mkali. Mtu akichora gari baya nitamwambia ni baya, tena nitaanzia bampa ya mbele mpaka bomba la moshi, na nikifika nyuma nitarudi mbele kuangalia kama kuna kitu nilisahau kukitukana. Watu wa Karakana ya Hewani walinipenda kwa hilo. Walijifanya wanaumia, lakini matokeo yakichelewa siku moja tu, simu yangu inajaa: Jaji, vipi, leo hakuna kuchinjwa?

Karakana ya Hewani ni kundi la mtandaoni. Tuko kama mia mbili, wa Kampala, Kisumu, Nairobi, Goma, Butembo, na tulianza mwaka ule tuliofungiwa nyumbani. Tunachora magari ya mbio ambayo hayapo na hayatakuwepo. Kuna programu ya kompyuta: unachagua bodi, unaunda injini, gia, springi, breki, viti, unalipatia gari jina na kiwanda cha uongo, halafu unaliingiza kwenye barabara ya uongo na kuliendesha. Kila duru ina jaji mmoja. Jaji anatoa masharti, wengine wanachora, jaji anaendesha kila gari na kuandika maoni yake. Hakuna zawadi, heshima tu. Na mimi heshima nilikuwa na njaa nayo, kwa sababu mchana kutwa nauza shokapu Old Kampala, chini ya msikiti.

Mwanamume anaingia dukani, ananiona nyuma ya kaunta, anauliza, "Nnyabo, mwenye duka yuko wapi?" Mwenye duka ni mimi, Moreen Akech, mtu wa Kisumu, miaka kumi na saba niko Kampala hii. Namwambia. Anacheka kidogo, halafu anaomba shokapu za mbele huku akinionyesha picha ya za nyuma. Nikimrekebisha, anampigia fundi wake simu kumuuliza kama huyu mama anajua anachosema. Fundi anasema anajua. Ndipo ananunua. Ni hivyo Jumatatu mpaka Jumamosi, na mwenye shaka aje akae nami siku moja.

Basi fikiria raha yangu pale Heritier alipotangaza habari. Heritier ni Mkongomani anayetengeneza kompyuta ghorofa ya tatu ya jengo letu, na kundi ni lake. Aliandika kwamba nikimaliza duru ya tano bila kosa, nitakuwa jaji wa kudumu. Hakuna tena kupigiwa kura, jina langu litakaa juu kabisa, na mtu akiingia kundini kitu cha kwanza anachosoma ni Jaji Akech. Nilikitaka kiti hicho. Nisidanganye, nilikitaka kuliko nilivyomtaka mume wangu, ambaye alirudi Kisumu mwaka 2016 na sikumfuata hata kwa simu.

Jaji ana sheria moja tu: hulitukani gari ambalo hujaliendesha. Kila safari inaacha rekodi kwenye kompyuta, na mwenye gari akiomba kuiona, unaionyesha. Kama huna, umetoka.

Kwa duru ya tano nilitoa masharti ya kisirani. Gari la mbio la watu wawili, la kutoka Kasindi mpakani hadi Butembo. Heritier ni mzaliwa wa Butembo na alikuwa ameichora barabara yote kwenye programu, kona kwa kona, na malori yake na tope lake, ameifupisha tu ili mtu aimalize kwa dakika ishirini na kitu. Kule Congo wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Hilo sikulitaja, kwa makusudi. Nilijua Wakenya wenzangu na Waganda wataweka usukani kulia walivyozoea, wakati barabara ya namna hiyo inataka usukani kushoto, na matusi yao nilikuwa nimeshayaandaa. Sasa Heritier, kwa huruma zake za kijinga, akaandika kwenye kundi: "Wandugu, mukumbuke kwetu tunapita kuume." Mtego wangu ukaishia hapo. Wote wakahamisha usukani. Wote isipokuwa mmoja.

Yalikuja magari ishirini na matatu. La kwanza lilikuwa la Travis, kijana wa kwetu anayekaa Kisugu, hapa hapa Kampala, na kushughulika na makaratasi ya mizigo bandari ya Port Bell. Travis huchora gari lile lile kila duru na kulibadilisha rangi. Nguvu za farasi mia tisa, milango inayofunguka kwenda juu, tumbo sentimita tisa kutoka chini. Lilitoka forodhani, likafika tuta la kwanza, likalala hapo hapo. Nikaandika: "Travis, hii ni meza. Lete vikombe tunywe chai." Mwingine aliweka mabomba saba ya moshi. Mwingine aliweka spika kumi na mbili na breki za baiskeli, nadhani ili afe akisikiliza muziki. Mwingine alimwekea abiria kiti cha ngozi chenye kupasha joto, Congo, joto. Huyo nilimkata alama kumi. Kwangu mimi abiria kwenye gari la mbio ni uzito wa bure. Masharti yalisema watu wawili kwa sababu programu inakataa mmoja, basi.

Mpaka Jumamosi saa sita nilikuwa nimeyaendesha ishirini na mawili. Likabaki moja, kutoka kiwanda kilichojiita Mboni. Nililiangalia kwenye skrini nikaanza kucheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye, na kweli angestahili. Usukani ulikuwa kulia. Baada ya kukumbushwa, kulia. Kiti cha abiria kilikuwa kimesogezwa mbele ya kile cha dereva, shubiri mbili nzima. Kioo cha mbele kimevutwa upande wa kushoto. Karibu na goti la abiria kulikuwa na kitufe cha honi na kingine cha taa kubwa. Injini farasi mia na sitini tu.

Niliandika hivi, na nakumbuka kila neno kwa sababu nilijivunia: "Mboni wametuletea gari lisilojua liko nchi gani. Usukani kulia, barabara kulia, akili Mombasa. Abiria amesukumwa mbele mpaka magoti yake ni taa. Amepewa honi yake mwenyewe, bila shaka ya kuombea msaada. Farasi mia na sitini, wote wana usingizi. Mchoraji, rudi kwenye kazi yako ya mchana, kama unayo. Sifuri."

Sikuliendesha. Duka lilikuwa limejaa, nilikuwa nimechoka, na kwa nini nisumbuke? Gari bovu linaonekana kwa macho. Nilituma matokeo, na jioni nzima kundi lilicheka. Watu waliinakili ile "akili Mombasa" na kuitumiana mpaka ikanirudia kutoka kwa mtu wa Nakuru asiyejua ni yangu.

Jumatatu asubuhi, katikati ya kicheko, Mboni akaandika mstari mmoja. "Asante Jaji. Naomba kuona rekodi."

Nikajibu kwamba faili lake lilikuwa na hitilafu, halikufunguka. Ulikuwa uongo wa mtoto wa darasa la pili, na haukumaliza nusu saa. Heritier aliteremka ngazi akaja kusimama mbele ya kaunta yangu.

"Mama Moreen, faili ni nzima. Nimeifungua mimi mwenyewe."

"Kwangu lilikataa."

"Nikuulize kama uliiendesha?"

"Usiniulize," nikamwambia, na hilo lilikuwa jibu tosha.

Heritier ni mtu mpole, na upole wake huwa unaniudhi. Akasema angeweza kunitoa siku hiyo hiyo, ila amezungumza na Mboni na kuna njia moja. Niliendeshe gari leo saa kumi, kwake juu, skrini ikionekana na kundi lote. Majaribio mawili, kama gari lingine lolote. Likishindwa kufika Butembo, sifuri yangu inabaki na kiti cha kudumu ni changu. Likifika na kuyashinda yale mengine kwa muda, Mboni ameshinda duru na kiti ni chake.

"Lakini anasema gari yake ni ya watu wawili," akaongeza. "Atakaa kando yako."

Nilikubali haraka. Dereva si ni mimi? Gari liko mikononi mwangu, na korongo liko pale kando ya barabara. Ndiyo, niliwaza hivyo, na nilipanda ngazi saa kumi nikiwaza hivyo hivyo.

Heritier alikuwa amepanga viti viwili. Mbele ya cha kulia kuna usukani na skrini kubwa, mbele ya cha kushoto skrini nyingine inayoonyesha kile abiria anachokiona. Nikakaa. Mlango ukafunguka, akaingia Mama Kahambu. Huyu ni fundi wa kushona vitenge mwisho wa korido yetu, Mkongomani pia, amevuka hamsini, ameshanishonea magauni matatu. Futi yake ya kitambaa ilikuwa bado shingoni.

"Mama Kahambu, gauni nitachukua kesho," nikamwambia. "Sasa hivi tunangoja mtu."

"Ni mimi munangoja."

Nikacheka. Nikachungulia nyuma yake nione kama kuna mpwa, kijana fulani mwenye miwani. "Nani alikuchorea?"

Nilijisikia mwenyewe. Yalikuwa maneno yale yale ninayoambiwa kwenye kaunta, na yalishatoka.

"Nilichora mwenyewe," akasema, akikaa bila haraka. "Umeme ikikatika, mashine ya kushona inalala. Kompyuta iko na betri. Ilikuwa nikae tu?"

"Na usukani je? Kwenu si mnapita kulia?"

"Tunapita kuume, ndiyo. Lakini motokari zinatoka Japani, zinashuka Mombasa, zinapita hapa kwenu, zinafika kwetu vile ziko. Usukani kuume. Butembo karibu yote iko hivyo. Hiyo gari yako ya usukani kushoto, mimi niliionaka kwa wazungu wa mashirika."

Nikamgeukia Heritier. Nilikuwa nimekasirika kweli. "Mbona hukuniambia?"

"Nilisema juu ya barabara," akajibu. "Usukani hukuniuliza."

Mama Kahambu akaeleza wakati Heritier anawasha mitambo. Baba yake alikuwa akibeba kahawa na abiria kwa pikapu. Dereva aliyekaa kulia kwenye barabara ya kulia haoni kitu mbele ya lori, mpaka atoe gari zima nje, na akilitoa anaweza kukuta basi. Kwa hiyo kunakuwa na mtu wa kushoto wa kumtazamia mbele. Yeye alikalia kiti hicho tangu ana miaka minane, juu ya mto. Akisema pita, baba anapita. Akisema ngoja, anangoja. Miaka kumi na miwili, na hawakugonga hata mbuzi.

"Hadithi nzuri," nikasema. "Twende."

Tukatoka Kasindi. Gari lilikuwa tulivu, springi laini kuliko nilivyotegemea, nami nikalikasirikia kwa hilo. Kilima cha kwanza, lori mbele yetu linapanda polepole, nyuma yake skrini yangu yote ni turubai.

"Ngoja," akasema Mama Kahambu.

Watu mia na kitu wanaangalia, na fundi cherehani ananiambia ngoja. Nikazungusha usukani, nikatoka kando ili nione mwenyewe. Nikaliona basi, kweli. Nililiona vizuri sana, maana lilijaa skrini nzima.

Kundi likalipuka. Heritier alisoma ujumbe kwa sauti: kwamba nimefanya makusudi, kwamba Jaji anaua gari ili abaki na kiti. Ningekubali hilo. Kuwa mjanja ni afadhali kuliko kuwa mjinga. Lakini Mama Kahambu akainua mkono.

"Hapana. Hakufanya makusudi. Alitaka kuona kwa macho yake. Kila mutu anafanyaka hivyo mara ya kwanza."

Sijawahi kutukanwa hivyo, na mwanamke yule hakuwa anatukana.

Jaribio la pili. Nikajiambia, sawa, hili sasa nitaliua kwa makusudi, kona ya tatu, korongoni, tumalize. Tukatoka. Lori lile lile, turubai lile lile. "Ngoja," akasema. Nikangoja. "Ngoja." Basi likapita likitupulizia honi. "Pita."

Sioni kitu. Mguu ulikataa, nasema ukweli, ulikataa kama si wangu. "Pita sasa, mama," akasema bila kupandisha sauti. Nikakanyaga. Gari likatoka kushoto, na barabara ilikuwa wazi mpaka juu ya kilima.

Lori la pili, la tatu. Kwenye kona yeye ndiye aliyekuwa akipiga honi na kuwasha taa kubwa kwa vile vitufe vyake, mikono yangu ikabaki kwenye usukani. Na upande wangu wa kulia nilikuwa naona kitu ambacho sikukiona kwenye yale magari ishirini na mawili: ukingo wa barabara. Yote yale niliyaendesha nikiwa nimekaa kushoto, nikilikwepa korongo kwa hofu, napoteza upana. Hapa nilipitisha tairi kwa unene wa kidole kutoka kwenye tope. Yeye anaona mbele, mimi naona ukingo. Kona ya tatu ikaja, ile ya korongo. Niliikumbuka tulipokuwa tumeshaipita.

Mbele kidogo nikamsikia mtu anacheka, na alikuwa ni mimi. Hata matusi sikuwa nayo. "Pita," tunapita. "Ngoja," tunangoja. Mji wa Beni huo, tumeshauacha nyuma. Niliingia Butembo, na Heritier akasoma muda: dakika kumi na tisa na sekunde arobaini. Gari lililokuwa likiongoza lilitumia ishirini na moja na nusu.

Kiti cha kudumu nilikuwa nimekipeleka Butembo kwa mikono yangu miwili, tena kwa spidi.

"Umeendesha vizuri, Mama Moreen," akasema Mama Kahambu, akashuka kwenda kumalizia suti ya mtu.

Travis hakuchelewa. "Jaji mstaafu, nikuletee ile meza unywe chai?" Nilimjibu, lakini lile jibu halifai kuandikwa hapa.

Ungefikiri ningetoka kundini. Mimi? Niliapa kumwonyesha yule mama kuchora ni nini. Duru yake ya kwanza alitaka gari la mbio la kushuka kutoka Old Kampala hadi Port Bell. Njia yangu, magari yangu, miaka kumi na saba nauza vinavyovunjika kwenye njia hiyo. Nilichora wiki tatu. Shokapu nilizipanga moja moja, injini ikaimba, kila gramu isiyo na kazi niliitoa. Nikatuma, nikangoja kuchinjwa. Nilikuwa na hakika atalipiza. Mimi ningelipiza.

Maoni yake yalikuja Jumatano, mchana, nikiwa dukani. Nikamwacha mteja na shokapu zake mkononi, nikasoma nimesimama.

"Gari hii nimeiendesha mara tatu. Springi ni nzuri kuliko zote. Injini nzuri. Mwenye kuchora anajua kazi, tumusikilize. Nilihamia kiti cha abiria ili nione njia. Mukanda haufiki. Miguu haina nafasi, na kioo kinaonyesha mlango. Nafikiri hakuna mutu aliwahi kukaa hapa. Wa pili."

Nilisoma tena. Hakuna tusi hata moja, nililitafuta. Ningelipata tusi ningejua la kufanya nalo. Mteja akaniuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia hapana, na nikamwuzia shokapu za mbele badala ya za nyuma, kosa ambalo sijalifanya tangu nifungue duka.

Aliporudi kuzibadilisha sikumgombeza. Nikafunga duka mapema, nikafungua mchoro wangu, nikaenda kwenye kiti cha kushoto. Programu ilikuwa na aina kumi na nne za viti vya abiria. Nilikuwa nimechagua kile cha kwanza kwenye orodha, bila kukiangalia.